Kabla kichanganuzi cha gesi hakijajisahihisha

Kichanganuzi kilichofungwa kwenye bomba la moshi la kiwanda cha saruji hakihesabu molekuli za gesi moja moja. Aina inayotumika sana hupitisha mionzi ya infraredi kwenye chumba kidogo chenye sampuli, kisha hukadiria kiasi cha monoksidi ya kaboni au dioksidi ya salfa kutokana na mionzi iliyofyonzwa. Vumbi likitanda kwenye kioo, chanzo cha mionzi kikichoka au kanieneo la hewa likibadilika, jibu nalo hubadilika ingawa moshi ni uleule. Kifaa kilichorekebishwa Mombasa kikapelekwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kitasoma pungufu kwa asilimia 15 hadi 20 kama hakifidii kanieneo.

Dawa iliyozoeleka ni ratiba. Kila siku, kwa saa iliyopangwa, valvu hufunga njia ya moshi. Naitrojeni safi huingia ili ionekane kama kifaa kinasoma sifuri, kisha hufuata gesi rejea kutoka mtungi wenye cheti. Hadi hapo hakuna ubishi. Swali ni nini kifanyike tofauti ikionekana: kifaa kijirekebishe papo hapo, au kiiandike tu? Msimamo wangu ni kwamba mashine ihakiki mara nyingi, lakini irekebishe kwa nadra na ndani ya mipaka.

Fikiria kiungio cha mtungi kinachovuja, hewa ikapenya na kuipunguza gesi rejea kwa asilimia 10. Kifaa kinachojirekebisha kitaamini kwamba chenyewe ndicho kilichoshuka, na tangu hapo kila namba ya moshi itapandishwa kwa asilimia 11 hivi. Kesho yake ukaguzi utaonyesha usahihi kamili, maana unatumia mtungi uleule na uvujaji uleule. Ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani kwa majibu yake mwenyewe. Hata pasipo hitilafu kuna hasara nyingine, ambayo mtaalamu wa takwimu W. Edwards Deming aliionyesha kwa jaribio lake la faneli: mfumo uliotulia ukisukumwa kufidia kila mkengeuko wa bahati nasibu, mtawanyiko wa matokeo, ukipimwa kwa varianzi, huongezeka maradufu.

Wapo watakaosema kwamba kuhama kwa kipimo si bahati nasibu, na kukiacha kihame ni kukusanya data mbovu kwa makusudi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuhama kwa kweli mara nyingi huelekea upande mmoja, siku baada ya siku, na huonekana wazi kwenye chati ya udhibiti. Ndiyo sababu kiwango cha Ulaya cha EN 14181 kinadai chati za namna hiyo katika hatua yake ya tatu. Zaidi ya hayo, tofauti iliyoandikwa inaweza kutumika kusahihisha data baadaye. Iliyofutwa haitusaidii tena.

Pingamizi gumu zaidi ni la vituo visivyo na fundi karibu. Hapo nakubali kifaa kijirekebishe, kwa sharti ambalo Marekani iliweka katika taratibu zake za ubora za mwaka 1987: kinachojirekebisha kiandike usomaji wa kabla ya marekebisho, au kiasi kilichorekebisha. Mimi ningeongeza kikomo: marekebisho yakikipita, kifaa kikatae na kipige kengele. Kwa sifuri naweza kulegeza kidogo, kwa kuwa naitrojeni safi ni rahisi kupatikana kuliko mchanganyiko wenye cheti.

Ningedai pia mtungi wa pili, wenye regulata yake na njia yake ya bomba, usiotumika kamwe kurekebisha, unaofunguliwa mara moja kwa wiki kwa uhakiki tu. Mhasibu atauliza kwa nini gesi ile ile inunuliwe mara mbili. Kwa matumizi hayo madogo mtungi huo huenda ukafikia mwisho wa muda wa cheti kabla haujaisha, na ukiwa pembeni, mtungi wa kwanza hauwezi tena kuificha hitilafu yake.