Nyenje Walionyamaza Kauai

Nyenje dume haimbi kwa mdomo. Bawa lake moja lina mshipa wenye meno kama tupa. Huukwaruza kwa ukingo wa bawa la pili, na mlio huo ndio posa yake. Jike, ambaye masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, huufuata gizani.

Teleogryllus oceanicus, nyenje wa Australia na visiwa vya Pasifiki, alikwishafika Hawaii katika karne ya 19. Humo alikutana na mgeni mwenzake: inzi Ormia ochracea wa Amerika ya Kaskazini. Kwingineko duniani wawili hawa hawajulikani kuishi pamoja. Inzi jike huwinda usiku kwa kusikiliza. Masikio yake yametengana kwa nusu milimita hivi tu, lakini yameunganishwa, moja likitikisika linalivuta la pili, na hivyo hutambua upande inakotoka sauti kwa usahihi ambao wahandisi wamejaribu kuuiga. Akimfikia mwimbaji humwachia mabuu. Wanapenya mwilini, wanamla akiwa hai, na baada ya takriban wiki moja wanatoka naye anakufa.

Katika kisiwa cha Kauai, mwanabiolojia Marlene Zuk alisikia milio ikipungua mwaka hadi mwaka, hadi 2001 palipokuwa karibu kimya. Ungedhani inzi amewamaliza. Lakini mwaka 2003 nyenje walikuwa tele majanini! Zaidi ya asilimia 90 ya madume walikuwa na mabawa yaliyolainika kama ya majike, na badiliko hilo lilienea katika vizazi visivyofika 20. Chanzo ni jeni moja kwenye kromosomu X. Dume ana X moja tu, kwa hiyo akiirithi hana budi kunyamaza, naye inzi hamsikii. Katika kisiwa cha Oahu nako baadhi ya madume walinyamaza, kwa badiliko jingine kabisa.

Tumezoea kuuliza spishi ngeni inawaharibia nini wenyeji. Nadhani tunapaswa kuuliza pia ugenini kunaigeuza vipi yenyewe.

Mabubu hao huoa kwa kujibanza karibu na wachache wanaoimba, wakiwadaka majike njiani. Kinachonigusa zaidi ni kwamba bado hutikisa mabawa kwa mwendo uleule wa kuimba, bila sauti kutoka.

Katika kisiwa cha Molokai nako wamepatikana madume wenye mlio mpya, wa kukoroma. Majike huuitikia, na inzi hupata tabu zaidi kuufuata kuliko ule wa zamani.