Aendaye Arabuni apewe orodha, si tiketi pekee

Julai ni mwezi wa baridi katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Huko Kayole, Dandora, Umoja na Kariobangi, asubuhi hufunikwa na wingu zito, watoto huenda shuleni wamevaa sweta, na wachuuzi wa mitumba pale Gikomba hutundika makoti mbele ya vibanda vyao kwa kuwa ndiyo yaendayo sokoni. Katika mwezi huo huo, mjini Riyadh, joto la mchana hupita nyuzi 40 za selsiasi, na mara nyingi hufika 43 au zaidi. Kati ya miji hiyo miwili pana safari ya saa chache tu kwa ndege. Na yupo kijana wa Eastlands anayefunga mzigo wake huku amejikunyata kwa baridi, akijaribu kukisia nchi ambayo hajapata kuikanyaga.

Vijana wa namna hiyo si wachache. Wanakwenda Saudi Arabia, Katari na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, ulinzi, udereva, usafi na ujenzi. Makala haya hayakusudii kuwashauri waende wala wasiende. Mtu mzima aliyekosa ajira mjini ana haki ya kuitafuta kwingine. Yanauliza swali dogo zaidi, ambalo hata hivyo lina uzito: wamefunga nini? Wahenga walinena kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani. Maana yake ni kuwa ugenini hakuna jirani wa kukopesha chumvi wala shangazi wa kukulaza sebuleni; mtu hana ila alichokuja nacho.

Si kwamba hatujui kufunga mizigo. Kwa miaka mingi mafundi wa jua kali pale Kamukunji wamegonga mabati na kuunda masanduku ya wanafunzi waendao shule za bweni. Mwanafunzi aliyeitwa kujiunga na kidato cha kwanza alipokea barua yenye orodha: sanduku, kufuli, ndoo, blanketi, shuka, kamusi, vifaa vya hisabati. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wakaingia shule zao mpya. Lakini orodha haikufa pamoja na mtihani. Mzazi angali anaipitia kalamu mkononi, akitia alama kitu kimoja baada ya kingine. Shule inatambua kwamba mtoto hawezi kuyakisia maisha ya bweni, hivyo inamkisia.

Kijana huyo huyo, miaka michache baadaye, anapopata kazi takriban kilomita 3,000 kutoka kwao, mara nyingi hapewi orodha yoyote yenye maana. Huambiwa pesa za kulipa, mahali pa kupimwa afya na tarehe ya ndege. Yanayobaki huyaokota kwa uvumi. Ndipo sanduku likajaa vitu visivyofaa na kukosa vile ambavyo vingemwokoa.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloulizwa na kila mtu na ndilo lisiloeleweka. Nairobi iko karibu na ikweta, lakini imeinuka takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo hewa yake ni ya wastani. Mkazi wa Buruburu anayejitapa kwamba amewahi kukaa Mombasa, kwa hiyo joto analijua, amejiandaa nusu tu. Joto la Dubai na Doha wakati wa kiangazi lina unyevu mwingi kama la pwani yetu, ila ni kali zaidi. Jasho haliwahi kukauka, nalo jasho lisipokauka haliupozi mwili. Joto la Riyadh, ambayo imo ndani ya jangwa, ni kavu. Huko jasho hukauka mara litokapo, na mtu hudhani kwamba hatoki jasho kabisa, kumbe anapungukiwa na maji saa baada ya saa. Kiu si kipimo cha kutegemea. Isitoshe, mwili huhitaji wiki moja hadi mbili ili uzoee joto jipya. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo za hatari kubwa, nazo ndizo siku ambazo mgeni hutaka kuonyesha bidii kupita wote.

Nguo zifuate ukweli huo. Pamba ni bora kuliko nailoni, na vazi pana lenye mikono mirefu humkinga mtu na jua kuliko fulana ya kubana. Kwa bahati njema, vazi hilo ndilo pia linalokubaliana na adabu ya nchi hizo. Leso mbili za pamba hazina uzito, nazo zaweza kuwa kilemba, shuka, taulo au pazia. Kofia, viatu vya wazi na vya kufunika, mafuta ya kujipaka kwa ajili ya midomo na ngozi ikaukayo: haya yote yanapatikana Gikomba kwa bei nafuu. Na hapa wengi watashangaa: sweta lisiachwe nyumbani. Usiku wa Januari jijini Riyadh joto laweza kushuka chini ya nyuzi 10, na hata wakati wa kiangazi vyumba hupozwa kwa mitambo mpaka mtu akatetemeka. Jangwa si joto pekee. Jangwa ni kupita kiasi kwa pande zote mbili.

Kuhusu dawa, tahadhari ni muhimu kuliko wingi. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli, pamoja na baadhi ya dawa za usingizi, ni mihadarati iliyodhibitiwa kwa sheria kali katika nchi za Ghuba. Anayezihitaji sharti aulize masharti ya ruhusa kabla ya kusafiri na abebe cheti cha daktari, kila dawa ikiwa katika pakiti yake. Miraa, ambayo huuzwa hadharani Eastleigh kila alasiri, ni marufuku kabisa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Na pasiwe na kifurushi cha mtu mwingine, hata kama aliyekileta ni rafiki wa shemeji, hata kama anaapa kwamba ni majani ya chai. Kwa upande mwingine, kila msafiri ajue dawa moja isiyodaiwa cheti na mtu yeyote: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Huurudishia mwili uliokauka maji na chumvi ulizopoteza. Na amwonapo mwenzake ngozi inawaka, amechanganyikiwa au hasemi la kueleweka, asimwache alale. Amtie kivulini, ammwagie maji, aite msaada bila kukawia.

Hadi hapa tumesema juu ya vitu. Lakini mzigo mkubwa wa msafiri wa Arabuni ni karatasi, na karatasi hazipimwi kwa mizani ya uwanja wa ndege. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi za ng'ambo uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye lazima aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari yake bila kulaghaiwa wala kushurutishwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husajili mawakala wa kibinafsi. Kuuliza kama wakala fulani amesajiliwa si utovu wa adabu. Mkataba ukiwa na maandishi ya Kiarabu, usitiwe sahihi kwa imani tu. Pumwani na Eastleigh hakukosekani mwalimu wa madrasa awezaye kuyasoma na kuyaeleza kwa nusu saa.

Nakala za pasipoti, viza na mkataba ziwe tatu: moja mwilini, moja ndani kabisa ya sanduku, na moja kwa mzazi au ndugu mwaminifu hapa nyumbani. Sheria za Saudi Arabia, Katari na Falme za Kiarabu zinamkataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi. Hata hivyo mashirika ya haki za binadamu yameandika kwa miaka mingi habari za pasipoti zilizofungiwa makabatini. Simu nayo yaweza kunyang'anywa. Kwa hiyo namba mbili au tatu zihifadhiwe kichwani, ikiwemo ya ubalozi wa Kenya katika nchi aendako. Tuna balozi Riyadh, Doha na Abu Dhabi. Mwanafunzi aliyekariri jedwali la kuzidisha hawezi kushindwa kukariri namba ya simu.

Hizi si hofu za bure. Katika nchi za Ghuba ukaaji wa mfanyakazi umefungwa kwa mdhamini wake kwa mfumo uitwao kafala. Katari ilipunguza makali yake kuanzia mwaka 2018 hadi 2020, na Saudi Arabia ikalegeza baadhi ya masharti mwaka 2021, ila mageuzi hayo ya Saudi yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Walimu wa Kiswahili watakumbuka kwamba tunalo neno jirani, kafara, yaani sadaka itolewayo ili kuondoa balaa. Tofauti ni herufi moja tu, na mtu aendaye bila maarifa huweza kuivuka pasipo kujua. Serikali ya Kenya ilizuia wafanyakazi wa nyumbani kwenda huko mwaka 2014, ikaondoa zuio hilo mwaka 2017. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili. Kila mmoja wao alifungiwa mzigo na mtu.

Maarifa nayo ni sehemu ya mzigo. Saudi Arabia inakataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, tangu Juni 15 hadi Septemba 15. Falme za Kiarabu zinakataza kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa katika majira hayo hayo. Katari, tangu mwaka 2021, inakataza kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Mlinzi au mjenzi anayezijua saa hizo ana jambo la kumwambia msimamizi wake. Asiyezijua ana jasho lake tu.

Watakuwapo watakaosema kwamba kufundisha mambo haya darasani ni kuwahimiza watoto wetu waende kuwa watumishi wa wageni. Hoja hiyo ina heshima yake, lakini haisimami. Hatukatai kufundisha kuogelea kwa kuogopa kwamba mtoto atapenda mto. Wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya serikali, na kwamba wafanyakazi wa nyumbani hutakiwa kupitia mafunzo kabla ya kuondoka. Ni kweli, ila mafunzo hayo huja wakati deni limekwisha kukopwa na shamba la mama limekwisha kuwekwa rehani. Wakati huo si rahisi mtu kusema, "Mkataba huu siutaki." Anayepaswa kuyasikia haya ni mwanafunzi, akiwa bado hana tiketi mkononi.

Nayo hayahitaji somo jipya. Mwalimu wa Jiografia anayefundisha jangwa la Arabia aulize jasho hufanya nini mahali pakavu na mahali penye unyevu. Mwalimu wa Hisabati atumie riyali: tangu mwaka 1986 riyali 3.75 za Saudi Arabia ni dola moja ya Marekani, basi mshahara wa riyali 1,000 ni dola ngapi, na ni miezi mingapi kulipa deni la wakala? Mwalimu wa Kiswahili atoe mkataba wa kazi kuwa kifungu cha ufahamu, na maswali yawe haya: nani anamlipa nani, lini, kwa saa ngapi za kazi, na ni nani anayelipa nauli ya kurudi?

Mwalimu huyo wa Kiswahili ana hazina nyingine. Dawa, damu, hatari, haki, msaada, saa; sita, saba, tisa, ishirini: maneno haya yote yalitufikia kutoka Kiarabu, na ijapokuwa matamshi yamebadilika, msikilizaji wa Riyadh au Doha atayatambua. Mtoto wa Dandora aliyekosa shilingi ya kununua kitabu cha lugha amekwisha kufungiwa mengi na lugha yake mwenyewe. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha kwamba anayo.

Basi shule za Eastlands, ambazo kila Januari huandikia orodha wanaoingia, ziandike na orodha ya pili kwa wanaotoka. Ukurasa mmoja unatosha, na ubandikwe penye ubao wa matangazo kabla ya mtihani wa mwisho. Juu kabisa pasiandikwe nguo wala viatu. Paandikwe: soma kabla ya kutia sahihi, na uache nakala nyumbani.