Kazi tele, pa kulala hakuna: mwanangu na mji wa theluji

Mwezi wa Mei mwaka juzi mwanangu wa mwisho alimaliza chuo Denver, jimbo la Colorado, Marekani. Shahada yake ni ya uendeshaji wa hoteli na utalii. Sisi huku Maskati tulishampangia kila kitu: atarudi, ataingia hoteli ya maana, atavaa suti, na mama yake aanze kumtafutia mchumba. Mwisho wa Septemba akapiga simu. "Baba, nimepata kazi. Nahamia Breckenridge." Ndiyo wapi huko? "Mlimani. Mji wa kuteleza kwenye theluji." Mama yake akadakia, ati theluji si ipo hapo Dubai, Mall of the Emirates, ya nini kuifuata huko kote?

Kumbe mwenzetu alikuwa anahesabu siku. Kijana aliyesoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, akimaliza chuo anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi miezi 12. Lakini kazi yenyewe lazima ihusiane na alichosomea, na isipungue saa 20 kwa wiki. Tena tangu kibali kianze, siku za kukaa bila kazi zote zikijumlishwa zisizidi 90. Zikizidi, amevunja masharti ya viza yake. Mwanangu alizunguka hoteli za Denver majira yote ya joto, kila mahali "tutakupigia". Siku alipotupigia simu sisi, alikuwa amebakiwa na kumi na mbili. Haya niliyajua baadaye, maana vijana wetu shida hawaisemi mpaka iwe imeshapita.

Aliyemwambia apande mlimani ni mwenzake wa chuo. Miji ile huajiri mapema, kabla msimu haujafunguliwa Novemba. Wanatafutwa watu wa mapokezi, wa jikoni, wa usafi wa vyumba, wa kukodisha viatu na mbao za kutelezea, wa kuwapandisha wageni kwenye vile viti vinavyoning'inia kwenye waya. Breckenridge wakazi wake wa kudumu ni kama 5,000 tu, na wageni wakishuka mwezi wa Disemba huoni pa kuweka mguu. Aliomba hoteli tatu, zote tatu zikamjibu wiki ile ile.

Kazi, basi, haikuwa tabu. Tabu ni nyumba. Mji ule ulianzishwa 1859 na wachimba dhahabu, na mlima wa kuteleza ukafunguliwa 1961. Leo dhahabu yenyewe ni nyumba. Nyingi ni za matajiri wa miji mingine, wanakuja wiki mbili tatu kwa mwaka, au zinakodishwa kwa watalii kwa usiku. Mfanyakazi anagombania makombo. Halmashauri za miji ile zinajenga nyumba za wafanyakazi, lakini foleni ni ndefu, na wapo wanaolala ndani ya gari kwenye baridi ile. Mwanangu aliikataa hoteli iliyomwahidi dola nyingi zaidi, akachukua iliyompa kitanda: chumba kimoja bwenini na vijana wawili wa Peru, wanafunzi waliokuja kufanya kazi likizo yao, kwa kuwa kwao Disemba ndiyo kiangazi. Kodi inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Nilipoambiwa nilinung'unika. Nilipofika nikaona alipiga hesabu vizuri kuliko babake.

Nilikwenda Januari. Kutoka Denver ni kama kilomita 130, unapanda tu, mpaka unapita ndani ya tundu la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya bahari. Kichwa kikaanza kuniuma. Mji wenyewe uko mita 2,900. Mimi nimesomesha miaka mingi sekondari ya misheni huko Kilimanjaro, na zamani niliwahi kuwapandisha wanafunzi hadi kibanda cha Mandara, mita 2,700. Basi mwanangu anaishi juu kuliko Mandara, na kila asubuhi anatoka kwenda kazini kwa basi. Mabasi ni ya bure, hilo niwape haki yao. Siku mbili za kwanza nilikunywa maji kama ngamia, na kwa udhu akanikumbusha kupangusa khofu nisihangaike na soksi.

Siku ya tatu nikaenda kumtazama kazini. Mapokezi hayupo. Nikaelekezwa ghorofa ya pili, nikamkuta anasukuma kigari cha mashuka machafu. Alinyamaza. Na mimi nikanyamaza. Niseme ukweli, kitu kilinikaa kooni. Miaka minne ya ada, nimeuza kiwanja, na mtoto anatandikia watu vitanda!

"Baba, wafanyakazi wawili wanaumwa," akasema. "Hapa wageni wakijaa hata meneja anashika shuka. Usimwambie Mama."

Halafu nikajikumbuka. Kule misheni mapadri walikuwa wanatutoa Jumamosi, walimu kwa wanafunzi, kulima shamba la mahindi, na mimi ndiye niliyekuwa nawafokea watoto wa wakubwa waliokwepa jembe. Nikashika upande wa pili wa kigari. Usiku mama yake akauliza kwa simu kama nimemwona kazini, amevaaje. Nikamwambia amevaa shati jeupe, limepigwa pasi. Na kweli lilikuwa jeupe.

Ijumaa tulisali sebuleni kwa Msenegali mmoja. Wasenegali na Wamauritania wapo wengi katika wilaya ile ya Summit, mahotelini na mikahawani, wengine wana familia zao na watoto wanasoma pale. Wao ndio waliompeleka mwanangu Denver kutafuta nyama ya halali, na ndio waliomtahadharisha kuhusu "msimu wa tope". Theluji ikianza kuyeyuka, wageni wanaondoka, mikahawa inafunga wiki kadhaa, na walioajiriwa kwa msimu tu wanaagwa. Kwa mwenye kibali kama chake, siku ya kuagwa hesabu ya zile 90 inaendelea pale ilipoachia, haianzi upya.

Bahati yake alikuwa ameuliza mapema, siku ya usaili: Aprili mtanifanya nini? Wakamwandikia kazi ya mwaka mzima. Hata hivyo mwezi wa Mei saa zilishuka mpaka 24 kwa wiki, na mama yake, ambaye sasa alikuwa anajua yote, alikuwa anamwuliza saa kabla ya salamu.

Kibali kiliisha Julai. Akatumia zile siku 60 za kufunga mizigo, akarudi Septemba na barua ya hoteli inayosema amefanya mapokezi, usafi wa vyumba na hesabu za usiku. Suti hajavaa bado. Mwezi uliopita aliitwa usaili katika hoteli moja Jabal Akhdar, wakamwuliza kama ataweza baridi ya juu kule. Anasema alijizuia asicheke. Yeye akawauliza wafanyakazi wanalala wapi.