Spock na Hesabu za Tribble

Tarehe 29 Desemba 1967, televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha sehemu ya Star Trek iitwayo "The Trouble with Tribbles". Aliyeiandika, David Gerrold, alikuwa kijana wa miaka 23, na mpaka leo wapenzi wa tamthilia hiyo hucheka ukiitaja tu.

Kisa ni hiki. Mchuuzi mmoja mjanjamjanja, Cyrano Jones, anampa Luteni Uhura (ndiyo, jina hilo lilichotwa kwenye uhuru wetu) kidude cha manyoya kiitwacho tribble, kisicho na macho, miguu wala mkia. Kinakoroma kama paka aliyeshiba, kila mtu anakipenda. Kinakula, kinazaa. Muda si muda tribble wametapakaa chombo kizima cha angani cha Enterprise, mpaka Kapteni Kirk akiagiza chakula analetewa sahani iliyojaa manyoya.

Kilele ni pale Kirk anapofungua ghala la nafaka kwenye kituo cha K-7 na tribble kumporomokea mpaka kifuani. Walikuwa midoli ya manyoya ipatayo 500, na mafundi waliokuwa wakiirusha kutoka juu hawakuona chini. Ndiyo maana mmoja mmoja anazidi kumdondokea kichwani naye kasimama kwa heshima zake.

Hapo Spock, bingwa wa mantiki, anatangaza idadi: tribble 1,771,561. Mmoja amezaa kumi kila baada ya saa 12, kwa siku tatu. Piga mwenyewe: mama na watoto kumi ni 11, basi anza na mmoja, zidisha kwa 11 mara sita. Jibu ni lilelile, halipungui hata mmoja. Kichekesho ni kwamba Spock anaongeza kuwa amezingatia pia nafaka iliyoliwa na ukubwa wa ghala. Amezingatia wapi? Angezingatia, idadi isingetoka safi namna hiyo, kana kwamba hakuna aliyekufa, aliyekosa chakula wala aliyebanwa pembeni. Tuseme kila tribble ana robo kilo: hizo ni tani zaidi ya 440 za nyama, na mnyama hajengi mwili kwa hewa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula hupotea kama joto, malori 15 ya tani 30 yasingetosha kubeba nafaka ya kuwalisha. Siku ya nne wangepita milioni 214. Kwenye maumbile halisi, mstari wa ongezeko hupinda mapema zaidi.

Kabla ya hapo, Dakta McCoy, daktari wa chombo, anasema, kwa mzaha kabisa, kwamba tribble huzaliwa wakiwa tayari na mimba. Watazamaji walicheka. Wakulima wa sukumawiki na kunde wasingecheka, maana viumbe wa namna hiyo wanao shambani: vidukari. Kidukari jike huzaa watoto walio hai bila kuhitaji dume, na ndani ya binti ambaye bado yumo tumboni, viinitete vya wajukuu vimeshaanza kukua. Mwaka 1740, Charles Bonnet wa Geneva alimtenga kidukari mmoja tangu alipozaliwa, akamchungulia kwa lenzi siku baada ya siku. Yule mpweke alizaa watoto 95. Kwenye joto zuri, kidukari huanza kuzaa akiwa na umri wa wiki moja hivi.

Kwa nini basi hatujazikwa na vidukari? Kwa sababu wanaliwa: na mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, na mabuu ya nzi fulani. Kuna pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya vidukari. Hili Spock alilijua. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba Jones aliwatoa tribble kwenye makao yaliyojaa maadui. Akalisahau aliposhika hesabu.

Hata nafaka iliyoliwa haikuwa ndoto tupu. Kwadrotritikale, kama inavyoitwa kwenye kisa, ni ya kubuni, lakini tritikale, chotara wa ngano na rai, ipo, na Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada kilikuwa kikiishughulikia tangu miaka ya 1950.

Mwishoni fundi mkuu Scotty anawahamishia tribble wote kwenye chombo cha Waklingoni, maadui wa watu wa Enterprise, bila hodi. Kila mtu kwenye Enterprise anafurahi. Hakuna anayeuliza kama Waklingoni wanaelekea kwenye sayari yenye mashamba, wala kama fundi alikagua nyuma ya kila mtambo kabla ya kujisifu.