Uongozi Usio na Amri: Wajitoleaji na Uandishi wa Kanuni za Programu Huria

Utangulizi

Katika taasisi nyingi, kiongozi hutambulika kwa mambo mawili: uwezo wa kutoa amri na uwezo wa kulipa mshahara. Katika uundaji wa programu huria, yaani programu ambazo misimbo yake iko wazi kwa yeyote kuisoma, kuirekebisha na kuisambaza, mambo haya mawili aghalabu hayapo. Baadhi ya washiriki hulipwa na waajiri wao, lakini hawalipwi na kiongozi wa mradi. Wengine hujitolea katika saa zao za mapumziko. Wote wana hiari ya kuondoka wakati wowote. Makala haya yananuia kueleza jinsi uongozi unavyopatikana, unavyotumiwa na unavyorithishwa katika mazingira hayo, hususan katika kazi ya kuandika nyaraka za ubainishi. Hoja kuu ni kwamba mamlaka hapa hutokana na utumishi, na kwamba utumishi uliolundikwa juu ya mtu mmoja humwelemea hata aliye hodari.

Maana ya ubainishi

Waraka wa ubainishi ni maandishi yanayoeleza jinsi programu inavyopaswa kutenda, bila kujali ni nani atakayeiunda. Uhusiano wake na programu unakaribiana na ule wa sarufi na usemi. Wasemaji wawili wasiojuana huelewana kwa sababu wanafuata kanuni zilezile. Vivyo hivyo, tarakilishi mbili zilizoundwa na makampuni tofauti hupashana habari kwa sababu waundaji wake walifuata waraka mmoja. Neno moja lenye utata katika waraka huo laweza kuzaa programu mbili zisizopatana. Kwa hivyo, kazi hii ni ya lugha kwa kiasi kikubwa: inahitaji watu wanaopima maneno.

Mapokeo ya kuomba maoni

Chimbuko la utaratibu huu laweza kufuatiliwa hadi tarehe 7 Aprili 1969. Siku hiyo, Steve Crocker, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa waraka wa kwanza kuhusu mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti. Waliopewa kazi hiyo walikuwa vijana ambao hawakuwa na cheo cha kuwaamuru wengine. Crocker aliziita nyaraka hizo "Ombi la Maoni", maarufu kwa kifupisho RFC, ili zisionekane kama amri. Katika waraka wa tatu, alieleza kwamba mtu yeyote angeweza kuandika, na kwamba urefu wa chini kabisa ni sentensi moja. Alihofia kuwa watu huyachukulia maandishi kuwa sheria kwa sababu tu yameandikwa. Akataka wathubutu kuleta mawazo ambayo bado hayajakomaa.

Mapokeo hayo yalirithiwa na Jopokazi la Uhandisi wa Intaneti, IETF, lililoanza mikutano yake mwaka 1986. Jopokazi hili halina wanachama rasmi, na kila mshiriki huhesabiwa kuwa anajisemea mwenyewe, si mwajiri wake. Maamuzi hayafanywi kwa kuhesabu kura. Wahenga walisema wengi wape, lakini hapa wingi pekee hautoshi. Mwenyekiti anapotaka kujua mwelekeo wa mkutano, huwaomba wahudhuriaji wavumishe sauti vinywa vikiwa vimefumbwa, kisha husikiliza upande uliovuma zaidi. Mvumo huo hauamui jambo. Huonyesha tu mahali penye mgogoro. Pingamizi la mtu mmoja likiwa na uzito wa kiufundi, sharti lijibiwe hata kama mia moja wanaafikiana. Kinyume chake, pingamizi lililokwisha kujibiwa kikamilifu haliwezi kuukwamisha mkutano eti kwa sababu mwenyewe bado ananung'unika. Kazi ya mwenyekiti basi ni kusikiliza na kupambanua.

Kisa cha Python

Mfano ulio bayana zaidi wa faida na gharama za uongozi wa aina hii ni lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, iliyotolewa kwa umma mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Tangu mwaka 2000, mabadiliko makubwa katika lugha hiyo hupitia nyaraka ziitwazo PEP, yaani mapendekezo ya kuiboresha Python. Mwandishi wa pendekezo ana wajibu wa kujenga mwafaka na, jambo la kuzingatiwa, kuandika pia maoni ya wanaompinga. Mapendekezo yaliyokataliwa hayafutwi. Huhifadhiwa ili wanaokuja baadaye wajue ni nini kilichojaribiwa na kwa nini kiliachwa.

Kwa miaka mingi, uamuzi wa mwisho ulikuwa wa van Rossum mwenyewe. Wenzake walimpa, kwa nusu mzaha, jina la dikteta mwema wa maisha. Hata hivyo, udikteta huo ulikuwa na mipaka yake: maadamu msimbo ni huria, wasioridhika wangeweza kuunakili na kuanzisha mradi wao. Alitiiwa kwa kuwa aliaminiwa.

Mwaka 2018 ulizuka mjadala mkali kuhusu pendekezo nambari 572, lililohusu namna ya kukipa kitu jina na kukitumia papo hapo ndani ya usemi mmoja. Kwa mtazamaji wa nje, jambo hilo lingeonekana dogo. Van Rossum aliliidhinisha, lakini tarehe 12 Julai mwaka huohuo alitangaza kwamba anajiuzulu. Alieleza kuwa amechoka, na kwamba hakutaka tena kupigania pendekezo kwa nguvu kiasi hicho kisha akute watu wengi wanaudharau uamuzi wake. Hakuteua mrithi, aliwaachia waundaji wakuu wajiamulie.

Waundaji hao walitumia mbinu ileile waliyoizoea: waliandika mapendekezo saba ya mifumo ya utawala, wakayajadili, kisha wakapiga kura Desemba 2018. Mfumo ulioshinda uliunda baraza la watu watano wanaochaguliwa upya kila toleo kubwa la lugha linapotoka. Wajumbe wasiozidi wawili ndio wanaoruhusiwa kutoka kwa mwajiri mmoja, ili kampuni yoyote isiuteke mradi. Isitoshe, baraza linahimizwa litumie mamlaka yake kwa uchache iwezekanavyo na litangulize mwafaka. Van Rossum alichaguliwa katika baraza la kwanza mwaka 2019, lakini hakuendelea katika la pili. Lugha yenyewe haikuyumba.

Kisa hiki kinadhihirisha kwamba kazi ya kujitolea si kazi isiyo na gharama. Gharama yake hulipwa kwa muda, kwa usingizi na kwa staha ya mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini aliyeinama miaka mingi naye huumwa mgongo. Mradi wenye busara huugawa mzigo kabla mbebaji hajaanguka.

Nafasi ya Kiswahili

Suala hili linawahusu moja kwa moja wapenzi wa Kiswahili. Tangu mwaka 2004, shirika la Unicode limekuwa likisimamia hifadhi ya data za lugha iitwayo CLDR. Humo hubainishwa majina ya siku, miezi, nchi na sarafu, pamoja na vipindi vya siku kama vile alfajiri na jioni. Simu na tarakilishi nyingi huchota maneno yake humo. Kiswahili kina sehemu yake, pamoja na tanzu za Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maneno hayo hupendekezwa na kupigiwa kura na wachangiaji, wakiwemo wajitoleaji, ingawa kura ya mwakilishi wa taasisi mwanachama ina uzito kuliko ya mgeni. Pale ambapo wataalamu wa lugha hawashiriki, istilahi huamuliwa na wachache waliojitokeza, kisha hukita mizizi katika simu za mamilioni.

Hitimisho

Ni bayana kwamba uongozi katika kazi hii haupimwi kwa ukubwa wa sauti. Hupimwa kwa uwezo wa kusikiliza, kuandika kwa uwazi, kuhifadhi hoja za wanaopinga na kung'atuka kwa wakati. Kwa upande wa wachangiaji, mlango uko wazi, na tangu mwaka 1969 sentensi moja imetosha kuwa mwanzo. Wanaokiendeleza Kiswahili vyuoni wana ujuzi unaohitajika katika kazi hiyo. Asiyekuwepo, na lake halipo.