Mbwa Wetu Mdogo wa Kongo (3): Damu Safi Ilibaki Kijijini

Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, imekaribia tena, na redio zitamzungumzia mbwa kana kwamba ni mhalifu aliyevuka bariere usiku. Makala mbili zilizotangulia zilimweleza basenji alivyo: kimo cha sentimita 40 hivi begani, uzito wa kilo 10 au 11, paji la uso lenye mikunjo, mkia uliojiviringa mgongoni, na koo lisilobweka bali lenye kutoa sauti kama ya mtu apigaye vigelegele huku akizuia kicheko. Leo nashikilia hoja moja tu. Uzima wa mbwa huyu ulihifadhiwa na vijiji vya Kongo, wala si na nyumba za matajiri wa Ulaya. Kwa hiyo mbwa wa kawaida anayelala nje ya nyumba zetu hapa mpakani Kasumbalesa anastahili chanjo kabla hatujatamani kimbwa cha manyoya kutoka ng'ambo.

Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyepita katika nchi ya Wazande karibu na mwaka 1870, aliwaeleza mbwa wadogo wa uwindaji wenye mkia wa kujikunja. Wawindaji wa Kongo waliwafunga mbwa wao kengele za mbao, kwa maana mbwa asiyebweka hupotea machoni mara tu aingiapo kichakani akifukuza mnyama kuelekea wavuni. (Wapo Wazungu wapendao kusema kwamba ndiye mbwa wa Mafarao, ati kwa sababu ya michoro ya Misri; inaonekana heshima ya kuwa mbwa wa Wazande haiwatoshi.) Mwaka 1895 wawili walipelekwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, wakafa upesi kwa distempa, ugonjwa hatari wa mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwapeleka sita Uingereza kutoka Sudani. Nao walikufa baada ya kudungwa chanjo ya distempa, ambayo wakati huo ilikuwa bado changa. Ni mwaka 1937 tu ambapo Olivia Burn aliwaonyesha tena Crufts na watu wakajazana kuwatazama.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipoanza. Basenji wote wa Ulaya na Marekani walizaliwa na mababu wachache mno, wakaozeshwa ndugu kwa ndugu, na maradhi ya kurithi yakashika mizizi. Mbaya zaidi ni ugonjwa wa Fanconi: figo hushindwa kurudisha sukari, protini na madini katika damu, vyote vikatoka na mkojo, na mbwa hunywa maji bila kukoma huku akikonda. Wafugaji wa Marekani walitafuta tiba wapi? Mwaka 1987 na 1988 walikuja kaskazini-mashariki mwa Zaire, vijijini, kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake la ukoo ili mbwa hao waandikishwe. Waliokuwa wakijivunia vyeti vya ukoo walirudi kumpigia hodi mwindaji asiye na cheti chochote.

Wapo watakaosema kwamba mbwa wa hapa Katanga hubweka, tena ni mchanganyiko, si basenji. Ni kweli, lakini hoja haisimami juu ya kubweka. Mbwa aliyechaguliwa kwa kazi na kwa kustahimili hubeba utajiri uleule wa damu, awe wa msitu wa Ikweta au wa pori la miombo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: ikiwa maisha magumu yamemwimarisha, chanjo ya nini? Jibu ni wale wawili wa mwaka 1895, waliotoka katika ukoo sugu kabisa wakaangushwa na ugonjwa wasioujua. Mji wetu hupokea malori ya Durban na Dar es Salaam kila siku, na mbwa huokota mabaki kando ya foleni. Kichaa cha mbwa, kwa upande wake, hakiheshimu usugu wa ukoo wowote. Wa tatu watauliza kwa nini fedha ziende kwa mbwa ilhali watoto wana shida. Ni kwa ajili ya watoto hasa: takriban asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa hiki hukipata kwa mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao; dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Mtu anayemlipa mbwa wake mlinzi kwa makombo ya bukari (ugali) na mateke, kisha akakataa sindano moja kwa mwaka, asilaumu serikali peke yake.

Nafasi imenibana, basi niseme kwa kifupi. Ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Mtoto wa mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, na kwa msaada Lubumbashi ina kitivo cha tiba ya wanyama katika Chuo Kikuu chake, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka bariere. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani mwema. Juu ya chakula na viroboto tutaendelea juma lijalo.