Ua Letu Lasifika Ughaibuni, Kwetu Halijulikani

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Nilizikumbuka nasaha hizo majuzi nilipowataka wanafunzi wangu wanitajie ua lenye asili ya nchi yetu. Wengi walitaja waridi. Hakuna aliyeitaja Saintpaulia.

Waama, sikuwa na haki ya kuwalaumu. Ua la kwanza la aina hiyo nililonunua nililianika juani, nikidhani kwamba jua ni uhai kwa kila mmea. Muda si muda majani yakababuka, likafa.

Mwaka 1892, afisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta ua hili la rangi ya urujuani huko Usambara, Tanzania ya leo, akampelekea babake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata, mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina hilo, ingawa tangu mwaka 2015 wanasayansi huliweka katika jenasi ya Streptocarpus. Leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Jamaa zake humea hapa Kenya pia: katika msitu wa Mbololo, Taita, na kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi.

Je, ni wangapi kati yetu wanaojua kuwa mimea hiyo imo hatarini? Huishi kivulini, katika nyufa za miamba yenye unyevu. Mti ukikatwa, jua huufikia mwamba, nalo ua hunyauka bila hata kuguswa na shoka.

Kulikuza si kazi ngumu. Chukua jani lenye afya pamoja na kikonyo chake, ulichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji. Liweke kivulini penye mwanga. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Na maji baridi yasidondokee majani, kwani huyatia madoa. Baada ya majuma kadhaa, vichipukizi huchomoza.

Hata hivyo, jani hilo liombwe kwa jirani au linunuliwe kwa wauzaji maua. Lisichumwe msituni kamwe. Tukienda kulichuma huko, tutakuwa tumeyamaliza yale machache yaliyosalia.

Shime walimu! Mkopo mmoja chini ya baraza la darasa utamfunza mwanafunzi kwamba kivuli nacho ni mali. Akilijua hilo, atakapokuwa mtu mzima atafikiri mara mbili kabla ya kuuangusha mti.